Nguo za Kupandia Mlima

 

Leo hatutasoma habari za vita wala za watawala. Tutasoma habari za nguo. Nazo si nguo za arusi wala za sikukuu, bali ni zile anazovaa mtu akitaka kupanda mlima mrefu, pamoja na vyombo anavyochukua mkononi na mgongoni. Huenda ukauliza: je, hiyo nayo ni historia? Ndiyo. Ukitaka kujua kwa nini mtu mmoja alifika kileleni na mwenziwe akarudi bila vidole, usianze kwa kupima ushujaa wao. Tazama kwanza walivaa nini miguuni. Kisha uliza swali la pili, ambalo vitabu vingi havikuliuliza: ni nani aliyechagua kile walichovaa?

Tuanze na neno moja. Mwezi wa Mei 1848, mmisionari Mjerumani aitwaye Johannes Rebmann alikuwa njiani kutoka Rabai, karibu na Mombasa, akienda Uchaggani. Tarehe 11 asubuhi aliona kitu cheupe juu ya mlima mbele yake. Akamwuliza kiongozi wake, kile ni nini? Yule alikuwa mtu wa pwani, na pwani theluji haiko, kwa hiyo hakuwa na jina lake. Akajibu tu kwamba ni baridi. Rebmann, ambaye kwao theluji ni kitu cha kila mwaka, akaelewa mara moja.

Habari ile ilipofika London, watu walibishana miaka mingi. Bwana mmoja mtaalamu wa ramani, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kutia mguu Afrika, alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mimi nikisoma mabishano yale, namwona yule kiongozi kuwa ndiye mwenye elimu ya kumfaa msafiri. Kile kitu cheupe alikitaja kwa kazi yake, yaani kinavyoutenda mwili wa mtu. Anayefunga mzigo wa kwenda mlimani anahitaji kujua hilo kabla ya jingine lolote.

Wachagga wenyewe walikuwa wamekwisha kulijua, tena kwa gharama kubwa. Rebmann alisimuliwa kwamba zamani Mangi Rengua wa Machame aliwatuma watu waende juu wakachunguze kile kinachong'aa kama fedha. Walikwenda kundi zima. Aliyerudi ni mmoja, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake imeharibika kwa baridi. Wengine wote walikufa huko. Ilisemwa kwamba walidhani wameshikwa na pepo, wakakimbia ovyo, wakazidi kuingia katika baridi.

Usiwacheke. Leo tunajua kwamba mwili ukipoa sana, akili nayo hupoa. Mtu huanza kutetemeka, kisha hujikwaa, kisha husema maneno yasiyo na maana, na mwisho hata kutetemeka kwenyewe hukoma, naye hudhani amepata nafuu kumbe anakufa. Aliye katika hali hiyo hawezi kujitafutia njia. Kwa hiyo habari ya pepo ilikuwa ni maelezo ya watu walioona wenzao wakipotewa na akili, na waliyoyaona yalikuwa kweli. Kilichowaua ni kwamba walikwenda na nguo za Machame mahali ambapo si Machame tena.

Hebu tupige hesabu kidogo, chukua kalamu. Ukipanda juu kila futi 1,000, joto la hewa hupungua kwa kadiri ya digrii 2 za sentigredi. Mji wa Moshi uko futi 2,700 hivi juu ya bahari. Kilele cha Kibo kiko futi 19,340, yaani mita 5,895. Tofauti ni zaidi ya futi 16,000. Basi Moshi kukiwa na digrii 25, jua likiwaka na watu wakinunua ndizi sokoni, kule juu ni kama digrii 8 chini ya kuganda kwa maji. Hiyo ni hesabu ya mchana. Usiku huzidi, na upepo ukivuma huzidi tena.

Hapa ndipo nguo inapoingia. Watu wengi hudhani nguo ina moto wake, kwamba blanketi hutoa joto kama jiko. Sivyo. Mwenye joto ni wewe, na nguo hulizuia tu lisitoroke. Hulizuia kwa kushika hewa katikati ya nyuzi zake, maana hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ndiyo sababu fulana mbili nyembamba, moja juu ya nyingine, huweza kukufaa kuliko moja nene: katikati yake hukaa hewa. Lakini hewa hiyo ina maadui wawili, upepo na maji. Upepo huifagia, nayo maji huchukua nafasi yake. Na maji hayo si ya mvua peke yake. Anayepanda na mzigo hutoka jasho, hata kwenye baridi. Shati la pamba likilowa jasho hung'ang'ania ngozi na kumnyonya joto mwenye kulivaa. Sufu hulowa pia, lakini nyuzi zake hubaki zimesimama, nayo huhifadhi hewa kiasi.

Sasa fikiri juu ya misafara ya karne ya kumi na tisa. Mali kubwa iliyobebwa kutoka pwani kwenda bara ilikuwa nguo: merikani, kaniki, na vitambaa vya rangi. Nguo ilikuwa ndiyo fedha ya njiani. Pagazi alitembea siku nyingi na mtumba wa nguo kichwani, naye mwenyewe amejifunga kipande kimoja kiunoni. Hata angaliruhusiwa kuufungua mtumba ule na kujifunika wote, ilikuwa ni pamba tupu, adui wa mtu aliyelowa. Tangu hapo mlimani wamekuwako wabeba nguo na wavaa nguo, nao hawakuwa watu wale wale.

Wageni nao hawakujua mara moja la kufanya. Baron Karl Klaus von der Decken, pamoja na Otto Kersten, walifika kama futi 14,000 mwaka 1862, wakaangukiwa na theluji, wakarudi. Charles New, mmisionari Mwingereza, aliigusa theluji ya Kibo mwaka 1871. Lakini kuigusa siyo kuipita. Mwaka 1887 Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, alipanda mpaka akasimama mbele ya ukuta wa barafu. Nguvu alikuwa nazo na fedha alikuwa nazo, ila hakuwa na vyombo vya kukatia barafu. Akateremka.

Aliporudi mwaka 1889 alikuwa mtu aliyejifunza. Alimchukua Ludwig Purtscheller wa Salzburg, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyezoea milima ya Alps. Walichukua mashoka ya barafu, kamba za kujifungia pamoja, na miwani myeusi, kwa sababu jua likipiga kwenye theluji mng'ao wake huweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa. Pia Meyer aliwaza jambo ambalo mara ya kwanza hakulipanga vizuri, nalo ni chakula. Aliweka kambi baada ya kambi kutoka Marangu kwa Mangi Mareale mpaka chini ya barafu, na watu wakapanda na kushuka kuleta vyakula. Kwa hiyo jaribio moja likishindikana, hawakulazimika kuteremka mpaka chini na kuanza upya.

Na kweli jaribio la kwanza lilishindikana. Barafu ilikuwa ngumu mno. Kila mahali pa kukanyaga ilibidi pachongwe kwa shoka, kidato baada ya kidato, katika hewa nyembamba ambayo mtu hupumua kama aliyetoka kukimbia. Walifika ukingoni mwa shimo la volkano jua likiwa limekwenda na nguvu zimekwisha, wakarudi kambini. Baada ya kupumzika walipanda tena, wakavitumia vile vile vidato walivyovichonga, na mwanzoni mwa Oktoba 1889 wakasimama kwenye kilele ambacho sasa kinaitwa Uhuru.

Vitabu husema Meyer na Purtscheller walipanda Kilimanjaro. Sawa. Lakini msafara wa kwenda juu ulikuwa na wanyapara 2, wapagazi 9, mpishi na kiongozi. Marangu wanamkumbuka sana Yohani Kinyala Lauwo kuwa miongoni mwa waliowaongoza. Na yuko mtu mmoja ambaye ningependa watoto wa shule walijue jina lake: Mwini Amani wa Pangani. Huyu alikaa kambi ya juu kabisa, chini ya barafu, siku nyingi mfululizo, pamoja na wale wageni wawili. Pangani ni mji wa minazi na joto, na mtu wa Pangani hulala mlango wazi. Huyu alilala kwenye mawe, juu kuliko milima mingi ya Ulaya, akangoja wenzake warudi. Bila kambi ile, shoka la barafu lisingefika kwenye barafu.

Baada ya hapo mambo ya nguo yalisogea mbele, ila si kwa haraka, maana watu hupenda kumcheka anayevaa tofauti. Kwa mfano, nenda pamoja nami mpaka Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani, mwaka 1922. Kulikuwa na Mwaustralia mmoja mwanakemia, George Finch, aliyebuni koti lililojazwa manyoya laini ya bata, na nje yake kitambaa kile cha kutengenezea maputo ya kurukia. Wenzake walimcheka. Upepo ulipoanza, kicheko kilikwisha. Leo makoti ya manyoya namna hiyo huvaliwa kwenye kila mlima wa barafu.

Lakini wale wa zamani nao wasidharauliwe. George Mallory alipotea kwenye Everest mwaka 1924, na mwili wake ulionekana mwaka 1999 ukiwa na nguo zake: hariri, pamba na sufu, tabaka juu ya tabaka, na gabadini nje ya kuzuia upepo. Mwaka 2006 nguo zilizoshonwa kwa mfano wa zile zilijaribiwa kule kule. Zilionekana nyepesi na zenye kufaa kwa mtu anayetembea. Kwa mtu aliyelazimika kulala nje zisingetosha.

Na kabla ya kuondoka huko Asia, sikiliza habari moja ya glavu. Tarehe 3 Juni 1950 Mfaransa Maurice Herzog alikuwa akishuka kutoka kilele cha Annapurna, Nepal. Alizivua glavu zake kidogo tu afungue mkoba, zikateleza, zikaporomoka. Mkobani mlikuwa na soksi za akiba ambazo angeweza kuzitia mikononi. Hakukumbuka. Unaona ile habari ya akili kupoa? Alirudi nyumbani akiwa amepoteza vidole. Ndiyo sababu viongozi wetu wa Kilimanjaro husema, chukua glavu jozi mbili, na soksi ulizoacha kuvaa usizizike chini ya mzigo.

Sasa turudi kwetu, maana nimekuwekeeni habari niipendayo kuliko zote, ya mlima Kenya. Wakati wa vita kuu ya pili Waingereza waliwafunga Waitaliani wengi kwenye kambi ya Nanyuki. Kila asubuhi mawingu yakifunguka, wafungwa wale waliuona mlima, futi 17,000 kwenda juu, mbele ya seng'enge. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alikata shauri atoroke, si kwenda kwao, maana njia haikuwako, bali kwenda kupanda mlima ule kisha arudi kifungoni. Akawapata wenzake wawili, Giovanni Balletto aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti.

Haya, wewe ungepata wapi vifaa? Duka hakuna, fedha hakuna, na askari anapekua mizigo. Walifanya hivi. Waliiba nyundo, mfungwa mwenye ufundi akazifua zikawa mashoka ya barafu. Yale meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu ili mtu asiteleze waliyatengeneza kwa mabati ya gari bovu lililotupwa. Kamba za katani zilizokuwa zikishika matandiko ya vitanda vyao wakazisuka kuwa kamba za kupandia. Mablanketi ya kambi yalikatwa na mafundi cherehani wa kambini, yakawa suruali na makoti. Ramani hawakuwa nayo. Walitumia picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Chakula walikificha kidogo kidogo kwa miezi. Na ufunguo wa mlango wa bustani waliunakili.

Walitoka tarehe 24 Januari 1943. Bunduki hawakuwa nayo, na msitu ule una tembo na nyati na faru. Barsotti aliugua, wakamwacha kambini. Wale wawili walijaribu Batian, kilele kirefu, wakashindwa na miamba na dhoruba. Wakapanda Lenana, futi 16,355, wakatia bendera yao pale. Kisha wakateremka wakiwa na njaa kali, wakarudi kambini kwa miguu yao baada ya siku 18, wakajitoa wenyewe. Mkuu wa kambi akawapa siku 28 za kifungo cha peke yao, akawapunguzia zikawa 7, kwa kuusifu uanamichezo wao.

Kwa nini nakwambia haya katika somo la kuchagua nguo? Kwa sababu watu wale hawakuwa na chochote cha kuchagua, lakini walikifikiria kila kitu kwa kazi yake. Hili la kuzuia upepo, hili la kushika barafu, hili la kulalia. Tena kila mmoja aliifikiria mwenyewe nguo atakayoivaa mwenyewe. Hapakuwa na mtu wa kuchagua kwa niaba ya mwingine. Nimewaona vijana wakija mlimani na viatu vya bei kubwa walivyovinunua juzi, na siku ya pili wakawa wanachechemea kwa malengelenge. Kiatu kizuri ni kile ambacho umekwisha kukitembelea maili nyingi nyumbani, kina nafasi ya soksi ya sufu, wala vidole havigongi mbele unaposhuka. Bei haimo katika maneno hayo.

Na yule pagazi? Miaka mingi imepita tangu Mwini Amani, na hema sasa ni jepesi, na mgeni huja na koti la manyoya na mfuko wa kulalia uliopimwa kwa digrii. Lakini pagazi aliyembebea mfuko huo mara nyingi amepanda na koti la mtumba na viatu vya mpira, na wapo waliokufa kwa baridi kwenye njia ile ile ambayo wageni wao walipita salama. Katika milima yetu mtu huajiriwa kwa mabega yake, na nguo huhesabiwa kuwa shauri lake. Siku hizi kanuni ya hifadhi ya Kilimanjaro inaweka mwisho wa mzigo wa pagazi kuwa kilo 20. Na mjini Moshi, tangu 2003, lipo shirika linalowaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo. Hayo ni mema. Hata hivyo nguo ya kuazima humfikia anayejua kuiomba, na kijana anayebeba kwa mara ya kwanza, ametoka kijijini jana, hajui bado baridi ya Kibo ikoje. Atakuja na shati.

Kwa hiyo ikiwa wewe ndiwe mgeni, au mwalimu unayepeleka wanafunzi, au mzee wa kikundi unayepanga safari, usifunge hesabu ya vifaa ukiwa umehesabu wenye kulipa tu. Langoni, kabla ya kupanda, kila mtu wa msafara na afungue mkoba wake, pagazi na mpishi wamo. Tazama: nguo ya ndani isiyo ya pamba, sweta ya sufu au ya kitambaa cha manyoya, koti na suruali za kuzuia mvua na upepo, kofia ya kufunika masikio, glavu, soksi kavu za kulalia, viatu vilivyofunika vifundo. Asiye navyo avipate pale chini, kwa maana huko juu hakuna wa kumpa.

Kazi ya kikundi kwa juma hili. Tafuteni chupa tatu zinazolingana na nguo tatu kuukuu: mbili za pamba, moja ya sufu. Lowesheni nguo moja ya pamba na ile ya sufu, zikamueni; ya tatu iwe kavu. Zifungeni kila moja kwenye chupa yenye maji ya moto, mziweke penye upepo kwa nusu saa. Kisha mwiteni mtu asiyejua ni ipi ni ipi, atie kidole katika kila chupa, aseme ipi imepoa zaidi. Andikeni majibu katika daftari la kikundi.